Taswira ya diski: maana ya istilahi, vitenzi vyake, na namna ya kufungua na kugeuza mafaili yake

taswira ya diski nm [i-/zi-] (kompyuta) nakala kamili ya yote yaliyomo katika diski, pamoja na mpangilio wake, iliyohifadhiwa ndani ya faili moja au mafaili machache yanayotegemeana. Mf. Taswira ya diski imepachikwa. Taswira za diski zimehifadhiwa maktabani. Faili linalobeba taswira hiyo huitwa faili la taswira [li-/ya-]: faili hili limefunguka, mafaili haya yamefunguka. Wapo pia wasemao faili hii, faili hizi. Makala haya yanafuata upatanisho wa LI-YA.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya makundi matatu: mfasiri anayetafuta neno la kutumia, mwalimu anayetakiwa kulieleza darasani, na mwanafunzi aliyepewa faili lenye kiendelezi asichokifahamu. Mifano mingi inatoka Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, ambako mwandishi amekuwa akifuatilia kazi za kurekodi masimulizi ya Kiha. Huko kasoro moja ya tafsiri ilikaribia kupoteza sauti ambayo isingeweza kurekodiwa tena. Kisa hicho kinaelezwa katika sehemu ya sita.

1. Maana kwa mapana

Mtu akinakili mafaili kutoka kwenye diski na kuyaweka katika kompyuta, anachukua vitu vilivyomo na kuacha chombo. Akitengeneza taswira ya diski, anachukua vitu pamoja na umbo la chombo: mahali kila faili lilipoanzia, orodha ya yaliyomo, sehemu inayoiwezesha kompyuta kuwaka kutoka kwenye diski hiyo, na katika diski za sauti, mipaka kati ya sehemu moja na nyingine. Anayehama nyumba hubeba vyombo tu. Taswira ya diski ni kama kuihamisha nyumba nzima pamoja na misumari iliyo ukutani.

Diski za CD na DVD zimegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Katika CD, sekta moja nzima ina baiti 2,352. Diski ya sauti huzitumia baiti zote hizo kwa sauti. Diski ya data hutumia baiti 2,048 tu kwa data yenyewe, na baiti zilizobaki hubeba alama za utambuzi pamoja na taarifa za kusahihisha makosa. Namba hizi mbili, 2,352 na 2,048, zikumbukwe, kwa kuwa zitatumika tena hapa chini.

2. Kwa nini taswira, si picha

Tafsiri nyingi za miongozo ya kompyuta huandika picha ya diski. Kisarufi maneno hayo hayana kosa, lakini yanapotosha. Picha, neno lililotoka katika Kiingereza, kwa msemaji wa leo ni kitu kinachotazamwa: picha ya harusi, picha ya pasipoti. Mwanafunzi akiambiwa afungue picha ya diski hulitafuta faili katika kabrasha la picha, au hujaribu kulifungua kwa programu ya kutazamia picha, kisha huarifiwa kuwa faili halitambuliki.

Taswira ni neno la asili ya Kiarabu, lenye mzizi mmoja na neno sura. Maana yake inaelekea kwenye umbo la kitu linapowakilishwa mahali pengine, hata kama hakuna cha kutazamwa kwa macho. Ndiyo sababu wahakiki wa fasihi hulitumia kwa picha zinazojengwa akilini na maneno ya mshairi. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuanzia hapo hapo: kama shairi linavyojenga umbo la mlima akilini mwa msomaji bila kuchora mlima, ndivyo faili la taswira linavyojenga umbo la diski ndani ya kompyuta bila kuwapo diski.

Pendekezo la tatu, nakala ya diski, linaeleweka haraka na linafaa katika mazungumzo. Kasoro yake ni kwamba nakala ya diski yaweza pia kuwa diski ya pili iliyonakiliwa kutoka ya kwanza. Kwa hiyo katika maandishi rasmi tumia taswira ya diski, na mara ya kwanza unapoitaja ongeza maelezo mafupi: yaani nakala kamili ya diski ndani ya faili. Baada ya hapo istilahi itajitegemea.

Si mara ya kwanza kwa Kiswahili kukabiliana na kazi ya namna hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini yenye menyu za Kiswahili. Ugumu wa kazi kama hiyo hauko katika nomino pekee. Mtu hulijua faili kwa jina lake, lakini anachobonyeza ni kitenzi.

3. Vitenzi vitano visivyochanganywa

(a) Kufungua. Hiki ndicho kitenzi cha jumla. Ni mnyambuliko wa kutendua wa kufunga: fung-a, fung-u-a. Katika madarasa ya Kibondo na Kasulu mwalimu ajue jambo moja. Kirundi, lugha iliyo karibu sana na Kiha na inayozungumzwa na wakimbizi wengi walioishi katika kambi za Nduta na Mtendeli, kina kitenzi gufungura chenye umbo lile lile la kutendua, ila maana yake ni kula, kwa kauli ya heshima. Kufungua mlango kwa Kirundi ni kwugurura. Uhusiano wa maana hizo si mgeni hata kwetu: aliyefunga saumu hufungua kwa kula, na asubuhi tunafungua kinywa. Hivyo kijana wa Kirundi akicheka anapoambiwa fungua faili, asidhaniwe ana utovu wa adabu. Aelezwe tofauti, naye hataisahau.

(b) Kupachika. Ni kuiambia kompyuta ilichukulie faili la taswira kana kwamba ni diski iliyoingizwa. Kitenzi hiki tunakijua tangu zamani: mwindaji hupachika mshale kwenye upinde. Kitu kilichopachikwa kimekaa mahali pake tayari kwa kazi, na kinaweza kuondolewa bila kuharibika. Kinyume chake ni kupachua, au kwa lugha ya kila siku, kuondoa. Faili lililopachikwa halibadiliki hata kidogo.

(c) Kutoa. Ni kuyachukua mafaili yaliyo ndani ya taswira na kuyaweka katika kabrasha la kawaida. Wengine hutumia kupakua. Ni afadhali kupakua kubaki kwa kazi kilichokwisha kuizoea, yaani kuleta faili kutoka mtandaoni, ili mwongozo mmoja usiwe na kitenzi kimoja chenye maana mbili.

(d) Kuchoma. Ni kuiandika taswira katika diski tupu. Neno limekwisha kukubalika mitaani na halina haja ya kuondolewa: mwali wa leza hupasha joto tabaka la rangi lililo ndani ya diski na kuacha alama. Hata hivyo mfasiri asiandike kwa ufupi choma diski baada ya kunakili. Katika ofisi ambako karatasi za zamani huteketezwa kwa moto, amri hiyo ina maana ya pili iliyo wazi kabisa. Andika: choma taswira hii katika diski tupu. Kwa flashi, ambayo haichomwi, tumia kuandika: andika taswira kwenye flashi.

(e) Kugeuza. Ni kulitoa faili la taswira katika umbizo moja na kulitia katika umbizo jingine, kwa kutumia programu inayoupanga upya muundo wa ndani. Hapa ndipo kosa kubwa linapotokea. Miongozo mingi husema badili faili liwe .iso. Kubadili ni neno pana: tunabadili nguo, tunabadili fedha, tunabadili jina. Msomaji anaposikia kubadili faili hushika lililo karibu zaidi, nalo ni jina la faili. Hufuta herufi za kiendelezi, huandika nyingine, na kuamini kazi imekwisha. Kugeuza hakuruhusu tafsiri hiyo kwa urahisi. Maji hugeuka barafu kwa kubadilika hali. Kuyaita barafu hakuyagandishi.

Kanuni ya kushika: jina hubadilishwa, umbizo hugeuzwa.

4. Viendelezi vinavyokutwa mara kwa mara

.iso. Umbizo lililoenea kuliko yote. Jina limetokana na kiwango cha kimataifa ISO 9660 cha mwaka 1988, kinachoeleza namna mafaili yanavyopangwa katika CD ya data. Kwa kawaida faili hili lina zile baiti 2,048 tu za kila sekta. Sekta 16 za mwanzo, sawa na baiti 32,768, hutengwa kwa matumizi ya mfumo. Baada yake huja maelezo ya diski yenye herufi CD001. Anayelichungulia faili kwa programu inayoonyesha baiti akizikuta herufi hizo mahali hapo, amepata uthibitisho.

.bin na .cue. Mafaili mawili yanayokwenda pamoja. BIN hubeba sekta zenyewe, kwa kawaida zikiwa nzima, baiti 2,352 kila moja. CUE ni faili dogo la maandishi linaloeleza kila sehemu inaanzia wapi na ni ya aina gani, sauti au data. CUE lisipokuwapo, BIN ni kama kitabu kilichochanika ukurasa wa yaliyomo: maneno yote yapo, ila hujui sura zinaanzia wapi.

.nrg. Umbizo la programu ya Nero.

.mdf na .mds. Jozi ya programu ya Alcohol 120%. MDF hubeba data, MDS hubeba maelezo.

.ccd, .img na .sub. Mafaili matatu ya CloneCD. Kiendelezi .img hutumiwa pia na programu nyingine kwa taswira za aina mbalimbali, hivyo chenyewe hakithibitishi umbizo.

.dmg. Umbizo la kompyuta za Apple. Mara nyingi huwa limebanwa ili kupunguza ukubwa.

Tanbihi ya matumizi: katika sentensi, kiendelezi kiandikwe na nukta yake na kwa herufi ndogo (.iso). Umbizo linapotajwa kwa jina, tumia herufi kubwa bila nukta (ISO, BIN).

5. Hatua za kufungua na kugeuza

Kabla ya yote, nakili faili la taswira mahali pengine na ufanyie kazi nakala. Ushauri huu una uzito zaidi penye umeme wa mashaka. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kufika, na walioandika tasnifu wakati huo wanajua faili lililokatika katikati ya kazi huwaje.

Kufungua. Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, faili la .iso hupachikwa bila kuongeza programu yoyote. Libofye mara mbili, au libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua amri ya kupachika, ambayo katika menyu za Kiingereza ni "mount". Kiendeshi kipya kitaonekana pamoja na viendeshi vingine. Ukimaliza, kibofye kwa kitufe cha kulia na ukiondoe. Windows 7 haina uwezo huo. Humo unaweza kuweka programu ya bure ya WinCDEmu, inayopachika ISO pamoja na CUE, NRG, MDS na CCD, au utumie 7-Zip kuyatoa mafaili yaliyo ndani ya ISO bila kupachika. 7-Zip huweza pia kuyatoa yaliyomo katika mafaili mengi ya DMG.

Katika macOS, DMG na ISO hupachikwa kwa kubofya mara mbili. Katika Linux, mifumo mingi yenye menyu ina amri ya kupachika ISO. Kwa maumbizo mengine ipo programu ya CDEmu.

Kugeuza. Chagua programu kulingana na umbizo unalotoka nalo. Katika Linux, bchunk hugeuza BIN na CUE kuwa ISO kwa data au WAV kwa sauti. Nrg2iso, mdf2iso na ccd2iso hufanya kazi inayoelezwa na majina yake. Katika macOS, amri ya hdiutil hugeuza DMG, lakini hapa kuna mtego: kugeuza taswira hakugeuzi mfumo wa mafaili uliomo ndani yake. DMG yenye mfumo wa mafaili wa Apple ikigeuzwa kuwa taswira isiyobanwa bado ina mfumo wa Apple ndani, na Windows huenda isiusome hata ukiipa jina la .iso. Njia ya uhakika ni kuipachika DMG, kuyanakili mafaili yaliyomo kwenye kabrasha, kisha kutengeneza ISO mpya kutoka kwenye kabrasha hilo.

Angalia pia majina ya mafaili. ISO 9660 katika ngazi yake ya kwanza huruhusu jina la herufi zisizozidi nane na kiendelezi cha herufi tatu, zote zikiwa herufi kubwa, tarakimu au mstari wa chini. Kwa hiyo faili lenye jina "Masimulizi ya Heru Juu sehemu ya pili" laweza kutokea likiwa limekatwa lisitambulike. Nyongeza ya Joliet, iliyobuniwa na Microsoft, huruhusu hadi herufi 64. Programu ya kutengeneza ISO ikikuuliza kama utumie Joliet, kubali.

Kuhakiki. Baada ya kunakili faili la taswira, linganisha alama yake ya SHA-256 na ya faili la awali. Katika Windows tumia amri certutil -hashfile ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256. Katika Linux tumia sha256sum. Katika macOS tumia shasum -a 256. Alama zikifanana, nakala ni kamili. Faili lililogeuzwa halitafanana alama na lile lilikotoka, na hilo si kosa: kugeuza ni kubadili muundo.

6. Kisa cha Kasulu

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari wilayani Kasulu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, alirekodi ngano kwa Kiha kutoka kwa bibi yake mzaa baba. Rekodi ilichomwa katika CD moja ya sauti. Miaka ilipita, bibi akafariki, na CD ikapata ufa. Kilichobaki ni taswira ambayo rafiki yake aliwahi kuitengeneza: faili moja la .bin. Faili la .cue halikuwapo, wakati wa kunakili lilionekana dogo mno kuwa na maana.

Alitafuta mwongozo wa Kiswahili, akaukuta ule usemao badili faili liwe .iso. Akafanya kama alivyoelekezwa: akafuta .bin, akaandika .iso, akabofya mara mbili. Windows ikamjibu kuwa faili la taswira limeharibika. Akajaribu katika kompyuta ya pili, jibu likawa lile lile. Aliponipigia simu alisema, "Shikamoo mwalimu. Sauti ya bibi imekufa, na leo nalifuta faili maana linajaza flashi ya shule."

Nilimwomba asifute kitu, anisomee ukubwa wa faili kwa baiti. Ulikuwa 327,574,800.

Hapa zile namba mbili zinarudi. Ukigawanya 327,574,800 kwa 2,048 unabaki na 1,296. Kwa hiyo faili hilo haliwezi kuwa safu ya sekta kamili za ISO. Ukigawanya kwa 2,352 unapata 139,275 bila baki. CD ya sauti husomwa sekta 75 kwa sekunde. Gawanya 139,275 kwa 75: sekunde 1,857, yaani dakika 30 na sekunde 57. Mwalimu alikumbuka kuwa CD ile ilikuwa na urefu wa kama nusu saa. Hakuna baiti iliyokuwa imepotea. Kubadili jina hakukuwa kumegusa chochote ndani; kompyuta ilikuwa ikitafuta orodha ya mafaili mahali ambapo haikuwahi kuwapo, kwa sababu CD ya sauti haina mfumo wa mafaili. Kwa sababu hiyo hiyo diski ya sauti haiwezi kuhifadhiwa ipasavyo kama ISO.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Alirudisha kiendelezi cha .bin, akalipa faili jina bibi.bin, kisha akaandika faili la maandishi liitwalo bibi.cue lenye mistari mitatu:

FILE "bibi.bin" BINARY
  TRACK 01 AUDIO
    INDEX 01 00:00:00

Katika kompyuta yenye Linux tukatumia amri bchunk -w bibi.bin bibi.cue bibi, likatoka faili la WAV. Asiye na Linux anaweza kuliingiza faili la BIN katika Audacity kama data ghafi, akichagua biti 16 zenye alama, mpangilio wa baiti ndogo kwanza, stereo, na kasi ya sampuli 44,100. Sauti ikitoka kama mvumo wa mvua juu ya bati, mpangilio wa baiti umepinduka: katika bchunk ongeza -s, katika Audacity chagua mpangilio wa pili.

Sauti ilitoka safi. Kilichopotea kweli ni mipaka kati ya ngano na ngano, iliyokuwa imeandikwa katika lile faili dogo la .cue. Mwalimu aliirudisha kwa kusikiliza, akisimamisha kila mahali ambapo bibi alivuta pumzi na kuanza ngano mpya. Leo nakala zipo mahali patatu, kila moja ina BIN, CUE na WAV pamoja na alama yake ya SHA-256.

Tahadhari kwa atakayeifuata njia hii: ukubwa kugawanyika kwa 2,352 kunaonyesha sekta nzima, hakuthibitishi kuwa ni sauti. Sekta nzima ya data nayo ina baiti 2,352. Tofauti iko mwanzoni mwake: sekta ya data huanza na baiti 12 za utambuzi, yaani 00, kisha FF mara kumi, kisha 00. Ukizikuta, andika katika CUE maneno MODE1/2352 badala ya AUDIO. Ikiwa aina ya diski haikuwa hiyo, mgeuzo utashindwa, lakini BIN lako litabaki salama maadamu unatumia nakala.

7. Makosa ya kawaida na masahihisho

Si: Fungua picha ya diski kwa kubofya mara mbili.
Bali: Pachika taswira ya diski kwa kubofya faili lake mara mbili.

Si: Badilisha .bin kuwa .iso.
Bali: Geuza taswira kutoka umbizo la BIN kwenda ISO kwa kutumia programu ya kugeuzia. (Kama ni jina tu: Badili kiendelezi cha faili, yaliyomo hayatabadilika.)

Si: Choma diski ukimaliza.
Bali: Ukimaliza, choma taswira katika diski tupu.

Si: Faili la .cue ni dogo, linaweza kuachwa.
Bali: Mafaili ya .bin na .cue yanategemeana, yahamishwe pamoja.

Si: Faili limeharibika. (kwa kila ujumbe wa hitilafu)
Bali: Faili halikutambuliwa, pale kompyuta iliposhindwa kuelewa umbizo, faili limeharibika, pale tu ilipothibitika kuwa data imepotea.

Sahihisho la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Kuharibika ni hukumu. Kutotambuliwa ni swali. Msomaji anayeambiwa limeharibika hufuta, na anayeambiwa halikutambuliwa hutafuta. Mfasiri wa ujumbe wa hitilafu hawezi kuipima diski ya kila mtu, lakini anaweza kuchagua neno linalomwachia msomaji nafasi ya kuuliza kabla ya kufuta.

8. Kwa mwalimu

Somo hili linaweza kufundishwa bila intaneti na kwa kompyuta moja. Wape wanafunzi ukubwa wa mafaili matatu kwa baiti, wagawanye kwa 2,048 na kwa 2,352, kisha waseme kila moja yaelekea ni la aina gani. Baadaye wape aya ya mwongozo iliyotafsiriwa vibaya, wapigie mstari kila kitenzi, na waulize: msomaji wa Kibondo asiyewahi kuiona diski hii atafanya nini hasa akisoma neno hili? Jibu lao ndilo kipimo cha tafsiri.

Taz. pia: faili, kabrasha, kiendelezi, kiendeshi, umbizo, geuza, badili, pachika, nakala.